Mbao za Mama

Baba yangu aliugua miaka mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeruhusiwa kutaja kifo ndani ya nyumba yetu pale Nyaishozi. Daktari alikuwa amemwambia ukweli mapema. Mama alikuwepo chumbani siku hiyo, na ndiye aliyenisimulia baadaye. Baba alisikiliza, akashukuru, akavaa kofia yake, na walipofika barabarani kusubiri gari akamwambia mama kwamba yule daktari ni kijana tu na hajui kitu. Mazungumzo yakaishia hapo. Akarudi nyumbani kupalilia migomba na kupogoa mibuni kama mtu mwenye miaka thelathini mbele yake.

Nayasema haya nikiwa na hasira, na sitaificha. Watu hunishauri niseme mazuri juu ya marehemu. Nimejaribu. Baba alikuwa mtu mwema. Alitusomesha mimi na mdogo wangu, watoto wa kike wawili tu, wakati ndugu zake walimsukuma aoe mke wa pili apate mtoto wa kiume. Hakuoa. Hilo namshukuru mpaka leo. Lakini mtu mwema anaweza kuwatendea watu wake ubaya mkubwa kwa kukaa kimya tu, na baba alitutendea.

Kijijini kwetu kipo kikundi cha kufa na kuzikana, kama ilivyo karibu kila kijiji cha Karagwe. Wanachama hutoa mchango mdogo kila mwezi, na kikundi kina sufuria zake, maturubai yake na viti vyake. Ukifiwa, wewe unakaa chini ulie. Wao wanapika, wanachimba kaburi, wanachota maji. Katibu wa kikundi alikuwa jirani yetu, mjane wa makamo mwenye sauti ya chini na daftari alilolifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mwaka ule baba alipoanza kukonda, katibu alikuja nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza walizungumzia mvua. Mara ya pili alisema wazi kilichomleta: baba ajiunge na kikundi. Nami nilikuwepo, nimekuja likizo, kwa kuwa nafundisha shule ya msingi Bugomora, wilaya ya Kyerwa, nilikoolewa.

"Mimi siwezi kuzikwa kwa senti za wake wa watu," baba alimwambia. "Nina kahawa. Nina ng'ombe. Nina ndugu."

Katibu alifunga daftari, akaaga kwa heshima, wala hakurudi tena kwa shughuli hiyo. Kanuni ya kikundi inajulikana: aliyekataa kujiunga huku ana uwezo, vyombo vya kikundi haviingii kwake. Baba aliijua kanuni hiyo. Mimi pia niliijua, na sikusema neno. Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara na watoto, lakini nilimwogopa baba yangu kama mtoto wa darasa la pili.

Alifia Mwanza, katika hospitali alikopelekwa wiki zake za mwisho. Hakuwa ameacha agizo lolote, la mdomo wala la maandishi. Hatukujua alitaka azikwe lini, upande gani wa kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, kwa jeneza la namna gani. Tulichojua ni kwamba maiti ilikuwa mbali, na hospitali ilitaka ilipwe kabla ya kuitoa.

Baba mdogo alifika kutoka Bukoba kabla hata maiti haijafika. Huyu ndiye ndugu pekee wa baba aliyekuwa amebaki, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu wa sauti kubwa na machozi ya karibu. Alilia kweli. Alilia mpaka wakamshika mikono. Kisha akanawa uso, akaomba kiti, akaketi uani chini ya paa la jiko na kuanza kupanga.

Alipanga jeneza la kioo. Alipanga msafara wa magari kutoka Mwanza. Kwa kuwa sufuria na maturubai ya kikundi hayangekuja, vyote vikodiwe Kayanga. Awepo mpiga video. Ziwepo spika, kwa sababu watakuja watu wengi na kila mmoja lazima amsikie mchungaji. Wanaukoo washone sare. Kaburi lijengwe kwa saruji na kuvikwa vigae vyeupe. Wazee wa ukoo walikuwa wakiitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika beseni la vikombe, nikamuuliza kwa adabu fedha hizo zitatoka wapi.

"Wewe ni mtoto wa kike," alisema, "na leo, siku ya kumpokea baba yako, unauliza habari ya fedha?"

Wazee waliguna. Mmoja akaniambia niende kuwasaidia wenzangu jikoni. Nikaenda. Hilo nalo silisahau, kwamba niligeuka na vikombe vyangu nikaenda.

Fedha zilitoka pale zinapotoka siku zote. Ng'ombe wawili wa mama waliuzwa siku hiyo hiyo kwa mfugaji aliyejua tuna shida, naye akatoa bei ya mtu anayejua wenzake wana shida. Hazikutosha. Ndipo baba mdogo akamleta rafiki yake, mnunuzi wa kahawa. Kwetu kuna kitu kinaitwa butura, kuuza kahawa ikiwa bado ni ua mtini. Kila mtu anajua ni wizi, na kila mwaka watu wanauza, kwa sababu shida haiwezi kungoja ua liwe tunda. Yule mnunuzi alichukua kahawa yetu yote ya misimu miwili. Mama alikuwa ameketi sebuleni kwenye majani yaliyotandazwa kwa ajili ya wafiwa, kanga kichwani, akaletewa karatasi na kalamu. Aliweka sahihi bila kusoma. Sidhani kama aliona hata rangi ya wino.

Mazishi yalikuwa makubwa, siwezi kukataa. Watu walikuja kutoka Bukoba, Muleba, hata ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Mpiga video alipanda kwenye stuli juu ya udongo wa kaburi na kumwambia mama ainue uso kidogo. Wageni walikula nyama na wali, na wengine walinung'unika kwamba nyama haikutosha. Wanawake pekee niliowaona wanaosha sahani bila kuombwa walikuwa yule katibu wa kikundi na wenzake watatu. Walikuja mikono mitupu kama kanuni inavyotaka, na mikono hiyo hiyo mitupu wakaitumbukiza kwenye maji ya majivu wakasugua masufuria ya kukodi mpaka jioni. Sikuweza kumtazama usoni.

Baada ya matanga kuanuliwa, wageni wakaenda zao. Baba mdogo akarudi Bukoba. Ahadi ya fedha aliyoitamka kwenye spika mbele ya umati, sikuwahi kusikia imefika. Mdogo wangu wa kike alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Muhula ulipofunguliwa hakukuwa na ada. Mshahara wangu ulikuwa umeshakatwa kwa mkopo niliouchukua kulipa hospitali na gari la maiti. Alirudi nyumbani na sanduku lake, akakaa mwezi mmoja akimsaidia mama, kisha akaenda Mabira kufanya kazi kwenye mgahawa wa mama mmoja, kupika chai na kuosha vyombo. Alikuwa na sare nyeupe ya mazoezi ya wodini, mpya, aliyoivaa mara chache tu. Aliiacha kwa mama, imekunjwa.

Miaka miwili ikapita hivyo. Nilikuwa naenda Nyaishozi likizo za shule, nakaa siku tatu nne, narudi. Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Nilimwona amekonda, nikasema ni majonzi. Kibanja kilikuwa safi, migomba imetolewa majani makavu, kila kitu mahali pake. Nilijidanganya kwamba anaendelea vizuri.

Msimu wa tatu, kahawa iliporudi mikononi mwake, alinipigia simu akasema niende Jumamosi, ana jambo. Nilipanda bodaboda tangu asubuhi, nikafika saa tano. Uani niliwakuta wanaume wawili wakivuta msumeno mrefu, wanapasua mbao. Mgrevilia mkubwa uliokuwa mpakani na jirani ulikuwa umelazwa chini. Harufu ya mbao mbichi ilijaa mpaka barabarani. Nilimwamkia mama, nikamuuliza anajenga nini.

"Jeneza langu," alisema.

Alisema kama mtu anayesema anajenga banda la kuku. Niliweka mkoba chini. Nikamwambia aache mambo hayo, tena mbele ya mafundi. Nikamuuliza kama anaumwa na ametuficha, kama baba. Akasema hajisikii vibaya popote. Nikamwambia basi anatutesa bure, mimi na mdogo wangu, kwamba hatujamaliza kumlilia baba na yeye ameshaanza kutuonyesha mbao. Nilisema mengi. Sauti yangu ilipanda mpaka wale mafundi wakaacha msumeno na kwenda kunywa maji.

Mama alingoja nimalize. Kisha akanishika mkono, akaniingiza ndani, tukaketi.

"Unajua kahawa yetu ilichumwa na nani misimu miwili hii?" aliniuliza.

Nikasema na vibarua wa yule mnunuzi.

"Mimi nilikuwa mmoja wao."

Alinieleza taratibu, bila kulia. Msimu wa kwanza mnunuzi alileta wachumaji wake, na mama aliketi mlangoni akawatazama wakivunja matawi, kwa sababu mibuni haikuwa yao. Siku ya pili hakuvumilia. Alikwenda kumwomba msimamizi wao amwandike kwenye orodha. Akachuma kahawa aliyoipanda mwenyewe, kwenye shamba lake, kwa ujira wa kutwa, akipanga foleni jioni na debe lake kupimiwa kama wengine. Msimamizi alikuwa kijana. Siku moja alimgombeza kwamba amechanganya mbichi na mbivu. Mama alimwomba radhi.

"Wewe ulikuwa Bugomora," alisema. "Hukuniona. Na mimi sikutaka unione."

Sijui nielezeje hasira iliyonipata pale. Nilimchukia baba mdogo, nikamchukia yule mnunuzi, nikamchukia mpiga video na stuli yake. Lakini zaidi ya wote, Mungu anisamehe, nilimchukia baba. Alikuwa na miaka mitatu. Angeweza kujiunga na kikundi kwa fedha ya kilo chache za kahawa. Angeweza kumwambia ndugu yake sentensi moja: nizikeni kwa kiasi, msiguse kahawa ya mke wangu. Sentensi moja tu. Hakuisema kwa sababu ingemlazimu kukiri kwamba atakufa, na badala yake mke wake akaenda kugombezwa na kijana juu ya kahawa yake mwenyewe.

Siku hiyo mama alinionyesha kila kitu. Alikuwa amejiunga na kikundi, akalipa kiingilio na michango ya nyuma kidogo kidogo kwa ule ujira wa kuchuma. Alikuwa amekwenda kwa mwinjilisti wa mtaa wetu, wakaandika karatasi mbele ya katibu wa kikundi, nakala tatu. Moja ilikaa kanisani, moja ndani ya Biblia yake, na ya tatu akanikabidhi mimi. Nilisoma. Azikwe siku inayofuata kifo chake, asiwekwe mochwari kungoja watu wa mbali. Jeneza ni la mbao zake, na fundi wa kuliunganisha alishakubali. Kaburi liwe la udongo, karibu na mume wake, na msalaba wa mti. Watu wapikiwe ndizi na maharage ya shambani kwake. Video isiwepo, sare isiwepo. Mstari wa mwisho ulipigiwa mstari chini mara mbili: kahawa isiuzwe ikiwa ua, kwa sababu yoyote, na mtu yeyote.

Mbao zilipokauka walizipandisha darini. Nilizoea. Ukilala sebuleni na kutazama juu uliziona zimepangwa vizuri kati ya boriti.

Baba mdogo naye aliziona. Alikuja Krismasi ya mwaka ule, kama alivyozoea, na mkate na sukari. Mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka Mabira, nami nilikuwepo. Alipomaliza chakula aliinua macho, akauliza mbao hizo ni za nini. Mama akamjibu.

Aliweka kikombe chini. Akasema huo ni uchuro. Akasema shemeji yake anamwaibisha, watu watasema mke wa kaka yake anajitengenezea sanduku kwa sababu hana ndugu wa kumzika. Mama akamwambia watu waseme. Hapo sauti ya baba mdogo ikabadilika, haikuwa kubwa tena.

"Shemeji, hukuwepo wakati ule," alisema. "Baba yetu tulimzika kwenye jamvi. Hatukuwa na ubao hata mmoja. Watu walisimama pale wakatuangalia. Nilikuwa na miaka tisa na nilisikia wanavyosema. Niliapa kwamba katika ukoo huu hakuna atakayezikwa hivyo tena."

Kwa mara ya kwanza nilimwona. Nilimwona yule mtoto wa miaka tisa ndani ya lile tumbo kubwa na lile koti. Kwa dakika moja hasira yangu ililegea. Lakini mama hakulegea.

"Najua, kaka yako alinieleza," alimwambia. "Baba yenu alizikwa kwenye jamvi, na mwaka huo huo nyinyi wawili mkaenda shule, kwa sababu ng'ombe alibaki zizini. Mama yenu alikataa kumwuza. Wewe ulisomeshwa na jamvi lile. Sasa mtazame huyu." Akamwonyesha mdogo wangu. "Huyu alikuwa awe muuguzi. Anaosha sahani Mabira. Amesomeshwa na nini, kile kioo cha jeneza?"

Mdogo wangu alikuwa akitazama mikono yake. Baba mdogo akachukua kofia, akasema anawahi gari. Mkate aliuacha.

Mama aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya pale, na kahawa yake ya misimu hiyo ikaishia kulipa mkopo wa hospitali. Alianguka asubuhi akipalilia maharage, msimu wa mvua, jirani akamkuta. Walimpeleka zahanati kwa bodaboda, amekaa katikati ya watu wawili, na huko akakata roho kabla ya saa sita. Nilifika alasiri. Katibu wa kikundi alikuwa ameshafika. Maturubai yalikuwa yamefungwa uani, sufuria ziko motoni, na fundi alikuwa anateremsha mbao kutoka darini. Sikuulizwa swali hata moja. Walinionyesha mahali pa kukaa, nikakaa.

Baba mdogo alipiga simu jioni hiyo. Aliagiza maiti ipelekwe mochwari, mazishi yawe Jumamosi ijayo, watu wa mbali wapate nafasi. Nilimwambia tunazika kesho alasiri, ndivyo alivyoandika. Akasema asizikwe kabla hajafika. Nikasema basi aje.

Alikuja. Saa saba mchana kesho yake, watu wamejaa uani, pikapu iliingia ikipiga honi polepole. Nyuma yake kulikuwa na jeneza linalong'aa, la kioo, mishikio ya rangi ya dhahabu, limefungwa kamba. Vijana aliokuja nao wakaanza kulishusha. Jeneza la mama lilikuwa tayari juu ya viti viwili, limepigwa randa vizuri, halina rangi, na yeye alikuwa ameshalazwa ndani yake.

Wazee wa ukoo wakainuka kumpokea. Nikasikia mmoja anasema sasa heshima imefika. Baba mdogo alikuwa analia tena, na nadhani alilia kweli, alimpenda mama kwa namna yake. Akawaambia vijana wamhamishe marehemu.

Nilisimama na karatasi mkononi. Nilikuwa nimepanga kuisoma kwa utulivu, baada ya mwinjilisti, kwa wakati wake. Niliisoma pale pale, kuanzia mstari wa kwanza hadi ule uliopigiwa mstari mara mbili. Katibu wa kikundi akaja kusimama upande wangu na kusema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba marehemu ndiye aliyewapa kazi hii, na wao watamsikiliza yeye.

Baba mdogo akasema karatasi haiwezi kuuzidi ukoo. Akasema hilo jeneza limeshaletwa, lirudi wapi?

"Hilo ni lako, baba mdogo," nilimwambia. "Litunze, utalihitaji."

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mtoto hamwambii baba yake neno kama hilo, na hasa si mbele ya maiti. Nilijua ninachosema. Nilitaka limuume, na lilimuuma. Aliwaashiria vijana walirudishe kwenye pikapu. Hakuondoka. Alisimama mbali, karibu na migomba, mpaka mazishi yakaisha, na alipopita kaburini alitupa udongo wake kama wengine. Mimi sikulia siku hiyo. Nilikuwa na hasira mno.

Tulizika kabla ya saa kumi na moja. Watu wakala ndizi na maharage, wakashiba. Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba tumemzika mama yetu haraka haraka kama mtu asiye na kwao. Ukoo ulikaa kikao wakanitoza faini ya mbuzi kwa kumtukana baba mdogo. Niliitoa. Waliponitaka pia niombe radhi, nilikataa, na jambo hilo limebaki hivyo. Hatuzungumzi. Nikimwona kwenye harusi napiga magoti na kutoa shikamoo kama inavyotakiwa, yeye anatazama pembeni.

Kahawa ya msimu ule tuliichuma mimi na mdogo wangu, tukaianika wenyewe kwenye mikeka. Alikwenda nayo chuoni, maana ilikuwa ndiyo ada yake. Wakamwambia muda umepita, hawezi kuendelea na mwaka wa pili, aanze upya. Alianza upya. Ana umri wa kuwa dada mkubwa wa wenzake darasani, na wanamwita mama. Anasema hajali. Mimi najali. Miaka ile minne haikuwa ya mtu mwingine ya kugawa. Hakuna aliyemwomba radhi kwa miaka hiyo, hata baba kwa mstari mmoja wa barua.

Mwaka jana, Jumapili moja baada ya ibada, nilimwekea mume wangu karatasi na kalamu mezani hapa Bugomora. Nilimweleza ninachotaka. Alicheka. Akasema sisi bado vijana, tena mambo haya tusijitabirie.

"Usipoandika," nilimwambia, "nitakuzika ninavyojua mimi, na kaka zako wakija na pikapu utakuwa huwezi kunisaidia."

Aliniangalia aone kama natania. Kisha akavuta kiti. Aliandika kwamba hataki mochwari, akaandika kwamba ng'ombe wasiuzwe ila mmoja. Sehemu ya kaburi ndiyo iliyotushinda. Yeye anataka azikwe kwao kilimani, kwenye makaburi ya wazee wake, mwendo wa saa nzima kwa njia ya miguu, na jeneza litalazimika kubebwa begani. Mimi nataka hapa nyumbani. Tuligombana mpaka chakula kikapoa. Juzi tumegombana tena. Nafasi hiyo kwenye karatasi bado iko wazi, na kalamu nimeiacha juu yake.